Jozi 24: Pachibei ya Studio ya Nyumbani Ilivyopangwa Upya

Mara ya kwanza nilipofunga pachibei nyumbani, taa nyekundu za kompresa ziliwaka chumba kikiwa kimya. Hakuna aliyekuwa akiimba, kinanda kilikuwa kimezimwa, maikrofoni zilikuwa bado kwenye mifuko yake. Mpiga kinanda aliyekuwa amekaa mlangoni akauliza, "Kaka, hiyo inarekodi nini?" Sikuwa na jibu. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba kompresa ilikuwa ikijisikiliza yenyewe, na muda mrefu zaidi kukubali kwamba kosa lilianza kabla sijashika waya hata mmoja.

Kwa asiyeijua, pachibei ni paneli ya raki yenye safu mbili za matundu ya jeki. Mashine zote za studio huunganishwa nyuma yake mara moja na kuachwa huko. Kazi ya kila siku hufanyika mbele kwa nyaya fupi, bila mtu kutambaa nyuma ya meza na tochi ya simu mdomoni. Kwa desturi safu ya juu hubeba njia za kutokea sauti, na safu ya chini njia za kuingilia. Chombo hiki kimezaliwa na ubao wa simu: jeki ya milimita 6.35 tunayochomeka kwenye gitaa ilitengenezwa karne ya 19 kwa ajili ya maopereta waliowaunganisha wapigaji kwa mkono.

Kinachoipa pachibei faida yake kimejificha ndani. Kila tundu lina vibati vyenye springi. Tundu likiwa tupu, vibati hugusana, na sauti hushuka yenyewe kutoka tundu la juu hadi la chini lililo jozi yake. Mafundi huita hali hiyo nomali. Katika nomali kamili, ukichomeka plagi juu au chini, mshuko unakatika. Katika nusu-nomali, plagi ya chini hukata, lakini ya juu haikati: sauti inaendelea kushuka huku wewe ukiichota pembeni. Zipo pia jozi zilizo wazi, ambamo matundu mawili hayajuani kabisa hadi uyaunganishe kwa waya.

Sasa kosa langu linaeleweka. Nilipanga matundu kwa jinsi macho yanavyopenda: kila mashine na jozi yake, njia ya kutokea ya kompresa juu, njia yake ya kuingilia chini, nadhifu kama rafu ya duka la dawa. Pachibei ilitoka dukani jozi zake zote zikiwa nusu-nomali. Kwa hiyo sauti iliyotoka kwenye kompresa ilishuka moja kwa moja na kuingia tena kwenye kompresa hiyo hiyo. Kitufe cha kuongeza sauti mwishoni kilikuwa juu ya sifuri, hivyo hata kelele ndogo ya ndani ya mashine ilizunguka na kukua kila mzunguko, mpaka taa zikawa nyekundu.

Nilipoanza upya nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo, kabla ya bei na kabla ya kuhesabu matundu: nyaya zote za mbele zikichomolewa, sauti iende wapi? Jibu la swali hilo ndilo pachibei yenyewe. Ukilipata, kinachobaki ni kazi ya mikono.

Nilichukua daftari na kuandika nilichonacho. Priampu ya chaneli 4. Kinanda cha stereo. Kompresa ya chaneli 2, ikwalaiza ya chaneli 2, mashine moja ya rivabu ya stereo. Intafesi yenye njia 8 za kuingilia na 8 za kutokea. Njia mbili za kwanza za kutokea huenda moja kwa moja kwenye spika, na hizo nimeziweka nje ya pachibei kwa makusudi, ili plagi iliyochomekwa vibaya usiku isije ikapeleka mlio wa ghafla masikioni mwa mtu. Jumla ikawa njia 18 za kutokea na 14 za kuingilia. Paneli moja ya matundu 48, yaani jozi 24, inatosha na kubakiza.

Jozi ya 1 hadi ya 4: priampu juu, njia nne za kwanza za intafesi chini. Ya 5 na 6: kinanda, kinashukia njia ya 5 na 6. Ya 7 na 8: rivabu inarudi kwenye njia ya 7 na 8. Ya 9 na 10: intafesi inatoka kwenda rivabu. Ya 11 na 12: intafesi inatoka kwenda kompresa. Ya 13 na 14: kompresa inashukia ikwalaiza, kwa sababu ndivyo ninavyozitumia mara nyingi, moja nyuma ya nyingine. Hizo zote ni nusu-nomali. Ya 15 na 16 juu ni ikwalaiza inatoka, ya 17 na 18 juu ni njia mbili za mwisho za intafesi, na nne hizo ziko wazi, chini hamna kitu. Tazama tena orodha: hakuna mashine hata moja inayokaa juu ya njia yake yenyewe ya kuingilia.

Uzuri wa nusu-nomali huonekana mwimbaji anapofika. Namchotea sauti kwenye tundu la juu la jozi ya 1, naipeleka tundu la chini la 11 penye kompresa, kisha kutoka juu ya 13 naipeleka chini ya 8. Sauti kavu bado inashuka kwenye njia ya 1 kana kwamba sijagusa kitu. Nyaya mbili fupi, na ninarekodi sauti kavu na iliyobanwa kwa wakati mmoja. Nikikosea kwenye kompresa, wimbo haujapotea. Wapo wanaohofu kwamba kugawa sauti hivyo kunaipunguza nguvu. Tupige hesabu: priampu yenye ukinzani wa omu 100 ikilisha njia mbili za omu 10,000 kila moja hupoteza chini ya desibeli 0.1 zaidi ya inapolisha moja. Hakuna sikio litakalolalamika. Kinyume chake ndicho kibaya: kuunganisha njia mbili za kutokea kwenye njia moja ya kuingilia. Hapo mashine mbili husukumana, kila moja ikiiona nyingine kama mzigo. Kuchanganya sauti ni kazi ya miksa.

Kuhusu kuchagua paneli, studio kubwa hupenda jeki ndogo za milimita 4.4, zinazoitwa bantamu, kwa kuwa matundu 96 huingia kwenye kimo kile kile cha raki. Kwa chumba cha nyumbani sioni sababu. Nyaya zake fupi ni ghali, na nyuma unahitaji kuchomea risasi au kutumia viunganishi vya DB25. Jeki ya 6.35 unaipata kwa muuza gitaa yeyote. Kilichonifanya nifikiri zaidi ni namna ya kubadili nomali. Samson S-Patch Plus ina swichi mbele kwa kila jozi, nawe unabadili kwa kidole. Neutrik NYS-SPP-L1 haina swichi: kila jozi imo kwenye kadi yake, na ukitaka kuifanya wazi unaichomoa kadi na kuigeuza. Nilichagua kadi. Kila swichi ni mguso mmoja zaidi wa chuma kwa chuma, na mimi naishi Dar es Salaam, mahali ambapo upepo wa bahari huingia hata kwenye kabati lililofungwa.

Maikrofoni hazipiti kwenye pachibei yangu. Plagi ya jeki inapoingia, ncha yake hukwaruza vibati vya sehemu nyingine mbili za plagi, pete na shina, kabla ya kutulia mahali pake. Ikiwa waya huo umebeba volti 48 za kulisha maikrofoni ya kondensa, kwa sehemu ya sekunde upande mmoja huguswa na umeme na mwingine haujaguswa. Maikrofoni ya riboni, yenye utepe mwembamba wa alumini, inaweza kuvutika na kuharibika hapo hapo. Plagi za XLR hazina ugonjwa huo. Kwa hiyo kisanduku cha ukutani cha XLR kinakwenda moja kwa moja kwenye priampu, na pachibei hupokea sauti ikiwa tayari imekuzwa.

Kwenye nyaya, nilitumia kebo yenye nyuzi mbili na kinga kwa njia zote 32, hata kwa kinanda ambacho hutoa sauti kwa uzi mmoja tu. Kwa upande wa kinanda, uzi wa pili na kinga vyote viwili huchomewa kwenye shina la plagi. Kwa upande wa pachibei, kila uzi unakaa mahali pake kama kawaida. Mbinu hiyo ndogo ilipunguza mvumo kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Mvumo wenyewe ni rahisi kuutambua: umeme wetu ni Hezi 50, karibu kabisa na noti ya G ya chini, na mpiga kinanda wangu aliutaja kwa jina la noti kabla mimi sijaufikia kwa mita. Kwa miaka mingi mafundi walikata kinga upande mmoja wa kebo ili kuuzima. Mwaka 1995 mtaalamu wa sauti Neil Muncy alionyesha kwamba tatizo mara nyingi limo ndani ya mashine zenyewe, pale kinga inapounganishwa na ubao wa ndani badala ya kasha la chuma, na kiwango cha AES48 cha mwaka 2005 kikaelekeza kinga iende kwenye kasha. Mimi nimeacha kinga zikiwa zimeunganishwa pande zote, na mashine zote zinapata umeme kutoka soketi moja yenye ethi moja. Ethi ya plagi ya umeme haikatwi kamwe, hata mvumo ukiudhi namna gani. Ile ni ya kumlinda anayeshika gitaa.

Intafesi yangu ina DB25 nyuma, njia 8 kwa kiunganishi kimoja. Hapa soma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kununua kebo, maana mpangilio wa Tascam, ambao ndio ulioandikwa kwenye kiwango cha AES59, si sawa na wa Yamaha. Katika wa Tascam chaneli ya 1 iko pini 24, 12 na 25, na pini 13 haitumiki.

Kisha majaribio. Nilipitisha mlio wa Hezi 1,000 kwenye kila jozi, moja baada ya nyingine, nikiandika kiwango kwenye daftari. Zote zilipita. Hata hivyo kinanda kilisikika kipana na kitamu kwenye hedifoni, na kwenye simu kikatoweka karibu chote. Kwenye jozi ya 6 nilikuwa nimepishanisha ncha na pete nilipokuwa nachomea risasi. Upande wa kulia ulikuwa umepinduka, na simu ilipojumlisha pande mbili, zilifutana. Kupima kiwango peke yake hakuoni kosa la aina hiyo. Tangu hapo napima jozi mbili kwa pamoja, nikijumlisha mlio wake, na nikisikia kimya najua pa kutazama.

Miezi kadhaa baadaye chaneli ya 3 ilianza kukatika. Nilichomeka waya mfupi kutoka tundu la juu la jozi ya 3 hadi la chini, na sauti ikarudi safi. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujua mgonjwa ni nani: waya ukiponya, basi vibati vya nomali vimeshika kutu. Nilichomeka na kuchomoa plagi mara ishirini hivi, nikapuliza dawa ya kusafishia miguso ya umeme, ikapona. Sasa kila mwezi nazipitia jozi zote kwa plagi moja, na usiku paneli hufunikwa kitambaa.

Jozi ya 19 hadi ya 24 bado ni tupu. Lebo za nyingine nimezichapa. Hizo sita nimeziandika kwa penseli, kwa ajili ya mashine za wageni.