Zamu ya Saa Kumi

Bibi yangu mzaa baba alijua kutaja jina. Nalisema hili kama watu wanavyosema kwamba fulani alijua kufinyanga chungu au kuezeka nyumba: alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Tangu afariki nimesikia maombi mengi, ya wachungaji wenye shahada na ya vijana wenye vipaza sauti, wala sijakutana na mtu anayetaja jina kama yeye.

Kila usiku, ikikaribia saa kumi, kabla majogoo hawajaanza kujibizana migombani, kitanda chake kililia mara moja. Alikuwa ameketi. Kupiga magoti alishaacha. Magoti yenyewe yalimgomea miaka mingi nyuma, naye hakuona sababu ya kugombana nayo. Alijitanda shuka mabegani, akaanza na habari za kijijini. Mvua imenyesha tangu juzi. Ng'ombe wa jirani amezaa dume. Huyu mtoto (ndiye mimi, niliyelala kitanda cha pili wakati wa likizo) amekohoa usiku kucha. Alimsimulia Mungu kama mwenye nyumba anavyomsimulia mtu wake aliyerudi safari, bila kumficha hata madogo. Ndipo akaingia kwenye majina, na kila jina lilikuwa na kijineno chake: huyu na mguu wake, yule na mkewe, yule na deni la chama cha ushirika. Akifika kwa baba mdogo hakuongeza neno. Alitaja jina, akanyamaza.

Ukimya ule ulichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai ya moto. Nilipokuwa na miaka minane nilidhani amesinzia. Nilipofika kumi nikadhani amesahau alipofikia, kama nilivyokuwa nikisahau mashairi mbele ya darasa. Usiku mmoja nikamwonea huruma, nikamnong'oneza:

"Bibi, sema Amina."

"Lala, mjukuu wangu. Namtazama baba yako mdogo."

Ilichukua miaka kabla sijaelewa alichokuwa akikitazama. Baba mdogo aliondoka mwaka 1976, kijana wa miaka ishirini, kwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Aliandika barua mbili. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983 hapakuja barua ya tatu, wala mtu mwenye salamu. Kilichobaki ni picha moja ya studio, shingo nyembamba imepotea ndani ya kola ya kuazima. Siku moja tukichambua maharage uani, Bibi aliniambia kwamba picha ile ilikuwa inamsumbua kwa sababu haikui. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa akimkuza mwanawe. Kila mwaka, mbele za Mungu, alimwongezea umri: akampanua mabega, akamtia kitambi kidogo, akampa ule upara wa ukoo wetu unaoanzia utosini. Mwaka ambao baba mdogo angetimiza miaka thelathini na tano, akamtia mvi za kwanza masharubuni. Hakutaka, alisema, mtu arudi mzee akute ameombewa kijana.

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu sala, na vingine ni vizuri. Hakuna kilichonifundisha kama mvi zile. Jina ukilitaja usiku mmoja, ni ombi. Ukilitaja usiku zaidi ya 7,000 linaweza kubaki mlio tu, kama mlango unaolia kila ukifunguliwa na wenye nyumba hawausikii tena. Ufundi wa Bibi ulikuwa hapo, katika kuzuia jina lisife mdomoni. Wengi hudhani kudumu katika maombi ni suala la nguvu, mtu akaze meno na kung'ang'ana. Niliyemwona mimi hakung'ang'ana hata kidogo. Alikuwa anafanya kazi, taratibu, kwa jicho la mtu anayejua wapi mshono hufumuka.

Hiyo saa kumi yenyewe ilikuwa na asili yake. Sisi ni watu wa mteremko wa Kilimanjaro, na kabla ya mabomba kila kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kiliishi kwa mfereji, ile mifereji iliyochimbwa na wazee kabla mmisionari yeyote hajaiona. Maji yaligawiwa kwa zamu, na zamu yetu, mara nyingi, iliangukia alfajiri. Bibi alishuka na taa ya chemli na jembe. Maji yakifunguliwa huko juu hayafiki papo hapo. Yanapita kwa watu, yanazama kwenye nyufa, yanasimama nyuma ya jani la mgomba lililoanguka. Aliye chini hana la kuyaharakisha. Anachoweza ni kuzoa majani, kuziba matundu ya fuko, na kukaa macho, maana yakimkuta amelala yanaingia bondeni na zamu imekwisha. Nilikwenda naye mara mbili tatu. Alinifundisha kusikiliza: kwanza majani makavu yanasogea, kama panya anapita; kisha povu, limebeba takataka za vihamba vyote vya juu; maji yenyewe yanakuja mwisho, nayo hayana kelele. Mabomba yalipokuja mfereji ukaachwa, lakini mwili wa Bibi ulikuwa umeshazoea saa ile. Akaamka vivyo hivyo. Hakuwahi kulinganisha mambo hayo mawili. Ni mimi ninayeyaweka pamoja, na sijui kama angenikubalia.

Maandiko aliyajua kwa namna yake, namna ya mtu aliyesoma kitabu kimoja maisha yote. Hana, mama yake Samweli, Bibi alimpenda kuliko wote, na si kwa ajili ya mwanawe. Alimpenda kwa sababu ya kuhani Eli, mtu ambaye kazi yake ilikuwa sala na bado alipoiona mbele yake, midomo inacheza bila sauti, akaidhania ulevi. Bibi alicheka kila aliposimulia hapo. Kuhusu mjane na kadhi dhalimu alikuwa na ugomvi na wahubiri, ambao wote humfanya mjane yule kuwa mpiga kelele. Yeye alitaka kujua habari za njiani. Mjane aliyekataliwa leo na atakayerudi kesho analala wapi usiku huu? Anapika nini? Kwa Bibi, safari ile ya kurudi nyumbani mikono mitupu na kutandika kitanda ndiyo iliyokuwa sala, na mlangoni kwa kadhi ilikuwa hatua yake ya mwisho tu.

Nadhani angempenda pia Monika, mama yake Augustino, ambaye katika kanisa letu la Kilutheri hatumtaji sana. Wanaomsimulia hukimbilia mwisho: mwana akabatizwa Milano, Pasaka ya mwaka 387, na mama akafa mwaka huohuo huko Ostia, katika mwaka wa hamsini na sita wa umri wake, ameridhika. Lakini kuna usiku mmoja kabla ya hapo, Karthago, mwaka 383. Monika hakutaka mwanawe avuke bahari kwenda Roma. Akamfuata mpaka pwani. Mwana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, mama akaenda kuomba katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na hapo, na alipokuwa akiomba asiondoke, merikebu ikaondoka naye. Asubuhi ikamkuta ufukweni. Tunajua sasa kwamba ni safari ile iliyomfikisha Augustino Milano, mbele ya askofu Ambrosi. Monika hakujua. Yeye alichokuwa nacho asubuhi ile ni bahari na jibu la hapana. Akarudi nyumbani, akaendelea kuomba. Ningependa kusikia mahubiri juu ya asubuhi ile, na mhubiri asithubutu kutaja Milano.

Na karibu zaidi na sisi yupo mmisionari Johannes Rebmann. Watoto wa shule humkumbuka kwa tarehe moja, 11 Mei 1848, alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, na kwa mabingwa wa jiografia wa London waliomcheka kwamba ameota theluji chini ya ikweta. Miaka yake mingine haina msimuliaji. Alifika pwani 1846, akaishi Rabai, nyuma ya Mombasa, miaka ishirini na tisa. Mwenzake Krapf aliondoka 1853. Mkewe akafa 1866. Waongofu walikuwa wachache mno kwa kazi ya umri mzima, na macho yakaanza kufifia. Hata kamusi aliyoihangaikia ilikuwa ya lugha ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Maneno yake aliyapata kwa mtumwa aliyetoka huko. Ilichapishwa 1877, mwaka mmoja baada ya yeye kufa Ujerumani, kipofu. Huku kwetu mlimani, Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893. Mmisionari aliyeitazama theluji kwanza alikuwa kaburini miaka kumi na saba. Namtaja kwa sababu bibi yangu alibatizwa katika kanisa lililotoka kwa hao waliokuja mwisho, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yupo mzee mmoja Rabai aliyesubiri kama yeye.

Sitaki kuonekana kama mzee anayelalamikia vijana, ingawa ndiye. Kuna bango karibu na kituo ninapopandia daladala, linatangaza usiku wa majibu ya papo kwa papo, na chini yake namba ya simu ya kutumia sadaka. Simuni mwangu kila asubuhi inaingia sala iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, nami natakiwa kuandika Amina na kuipeleka kwa watu kumi kabla ya jua kuzama. Wanaofanya haya siwasuti moyo wao. Shida ni shida, na mwenye mtoto hospitalini hana muda wa kusikiliza majani makavu. Lakini tumejenga ibada ambamo anayesubiri hana pa kukaa. Wakati wa ushuhuda anaitwa aliyepona, aliyepata kazi, aliyeolewa. Wengine tunapiga makofi.

Bibi alisimama siku moja wakati wa ushuhuda. Nilikuwepo, nimevaa shati la shule. Mchungaji mgeni alikuwa ameuliza ni nani Bwana amemtendea jambo, na yeye akainuka kwa kushikilia benchi la mbele. Akasema anatoa taarifa kwamba mwanawe hajarudi, na kwamba yeye bado yupo kwenye zamu. Akaketi. Kulikuwa na kukohoa huku na kule. Kiongozi wa kwaya, mtu mwenye akili, akaanzisha wimbo. Tukiwa njiani kurudi shangazi alimwambia amewaaibisha, na Bibi akamjibu kwamba mtu aliyewekwa lindo huulizwa habari za usiku, hata kama hakuna aliyepita.

Alifariki mwaka 1998, mwezi wa saba, wakati wa baridi. Baba mdogo hakurudi. Wiki zile za mwisho alikuwa anachanganya majina yetu wote, akiniita kwa jina la baba yangu na kumwita baba kwa jina la babu, lakini jina lile moja halikuwahi kuteleza. Muuguzi mmoja alidhani ni jina la mumewe.

Baada ya mazishi nilijiambia nitaichukua zamu. Nilidhani ni jambo la kuamka tu. Usiku wa kwanza nilitaja jina, nikanyamaza, na katika ukimya ule nikajikuta nawaza nauli ya kurudi Dar es Salaam. Usiku wa nne niliweza kuona kola ya ile picha, uso sikuuona. Nilimaliza wiki mbili na siku tatu. Kisha nikasafiri, kisha nikawa na kazi nyingi, kisha nikaanza kumwombea wakati wa kuoga, na kila mtu anajua hilo linaishia wapi. Sikuwa nimelelewa kwenye kazi ile. Nilikuwa nimelala jirani nayo, na nilidhani inatosha. Siku hizi simu yangu hulia saa kumi na nusu; niliiweka hivyo kwa nia njema Kwaresima moja, nami huizima bila kufumbua macho.

Krismasi iliyopita tulipanda nyumbani, kama Wachaga wote, magari yamejaa kreti za soda na wajukuu wasiojua njia ya choo. Mfereji wa zamani sasa ni mstari wa nyasi nyuma ya banda, na mmoja wa watoto aliuliza kama ulikuwa mpaka wa shamba. Jioni tuliketi uani, ukoo mzima, na binamu yangu mkubwa akaombwa atuongoze kabla ya chakula. Anaomba vizuri, ana sauti. Akashukuru kwa safari, akawataja wagonjwa, akataja wanafunzi wenye mitihani, aliyepo Marekani na anayesubiri viza, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ya mtu anayejua pilau inapoa. Nilikuwa nasikiliza jina moja. Nilidhani linakuja. Akavuta pumzi, akasema, "na wengine wote ambao hatukuwataja," na watu hamsini wakaitikia Amina, na sahani zikaanza kupita.