Heko, wauza pama za mitumba

Pongezi zinawastahili wauza kofia wa Karume, Ilala, na wenzao wa Gikomba, Nairobi. Ukitaka pama iliyolegea, yenye sura ya kofia iliyokwisha kuzoea kichwa, huna haja ya duka la vioo. Kwao ulegevu huo umeletwa na miaka ya kuvaliwa.

Kazi yao ni ya jicho na vidole. Belo likifunguliwa, kofia hutoka zimekandamizwa kama chapati. Muuzaji mahiri huanza kwa kupapasa: pama ya manyoya ya sungura ni laini na nyepesi, ukiikunja hurudi, ya sufu huwa ngumu zaidi. Kisha huigeuza kutazama ukanda wa ngozi wa ndani. Ukipasuka, bei hushuka. Ukilainika bila kukatika, hupanda. Akikuta jina la Borsalino, kiwanda kilichoanzishwa Alessandria, Italia, mwaka 1857, humwekea mteja anayejua.

Baada ya hapo ni zamu ya birika. Mvuke huilegeza pama, vidole hurudisha bonde la utosini, na ukingo hushushwa kidogo mbele. Vumbi huondolewa kwa brashi laini.

Tena hawauzi wakanyamaza. Watakuambia usiibane utosini unapoivua, na ukiiweka mezani uigeuze, utosi uwe chini, ukingo usipindike. Kwa ujuzi huo wazee wanakwenda ibadani nadhifu, na vijana wanaringa bila kumaliza mshahara. Wanastahili kulipwa bila kubanwa sana bei.