Paris 2024: Gwaride Lililopakiwa Botini

Uamuzi wa waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Paris wa kuliondoa gwaride la mataifa uwanjani na kulipakia kwenye boti za mto Seine ulisifiwa kila upande kuwa ni ubunifu, ilhali ukipimwa kwa kazi ambayo gwaride hilo limefanya kwa zaidi ya karne moja, ulikuwa kosa la wazi, tena kosa lililowaumiza zaidi wale wasio na nafasi nyingine ya kuonekana. Gwaride la mataifa, yaani mwendo wa timu zote mbele ya watazamaji, kila moja ikitanguliwa na bango la jina la nchi na mbeba bendera, si pambo la sherehe bali ni sehemu pekee ya michezo hiyo ambayo haina mshindi. Marekani ikikosa sekunde zake za gwaride haipotezi chochote, kwa kuwa wimbo wake wa taifa utapigwa mara kadhaa kabla ya wiki kwisha. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo ilishiriki kwa mara ya kwanza Mexico mwaka 1968 ikiwa na waendesha baiskeli watano, na ambayo haikuwa imepata hata medali moja ya Olimpiki ilipofika Paris, haina jukwaa lingine la kusimama zaidi ya hilo, na ndilo lililobomolewa usiku wa tarehe 26 Julai 2024.

Sherehe ilianza saa 1:30 jioni kwa saa za Paris, ambazo katika majira ya kiangazi ya Ulaya huwa ndizo saa za Kisangani na Bafwasende, kwa hiyo mtazamaji wa mkoa huo wa Tshopo, nchini Kongo, hakulazimika kukesha ili aione, na mvua iliyonyesha usiku huo haina haja ya kusimuliwa upya. Kinachohitaji kuchambuliwa ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa, kwa sababu lawama nyingi zilizotolewa baadaye ziliangukia mvua, mavazi na nyimbo, na mpango wa boti ukaachwa bila kuguswa kana kwamba haukuwa chanzo cha matatizo.

Waandaaji walitangaza boti 85 zitakazobeba wanamichezo wapatao 6,800 kwa mwendo wa takriban kilomita 6, kutoka daraja la Austerlitz hadi karibu na Trocadéro, mkabala na mnara wa Eiffel. Timu zilikuwa zaidi ya 200, na hesabu hiyo peke yake inatosha kuonyesha kasoro, kwa kuwa boti 85 haziwezi kubeba timu 200 na zaidi pasipo kuchanganya. Timu kubwa zilipewa boti zao, Ufaransa ikafunga msururu ikiwa imeijaza boti yake kuanzia mbele hadi nyuma, lakini timu ndogo zilikusanywa mbili, tatu au zaidi katika chombo kimoja, kila moja ikiwa imepewa sehemu yake ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, na bendera zao zikapepea pamoja kiasi kwamba jicho lilishindwa kujua hii ni ya nani na ile ni ya nani. Uwanjani nchi yenye mwanamichezo mmoja huingia peke yake kama inavyoingia nchi yenye mia tano, na usawa huo ndio kiini cha gwaride. Paris iliuondoa usawa huo kwa mpango wa usafiri, kisha ikauita mpango huo sanaa.

Wakazi wa kingo za mto Lindi na za mto Kongo hawakuhitaji kamera kuwafundisha jambo hili, kwa kuwa wanajua kwamba boti ya abiria inayopita katikati ya mto huonekana ubavu wake, turubai lake na shehena yake, na kwamba mtu aliye ukingoni humtambua ndugu yake pale tu chombo kinapotia nanga. Ndivyo ilivyokuwa Seine. Katika uwanja, kamera huwekwa kwenye usawa wa uso wa binadamu, mbeba bendera akaielekea akitembea, jina la nchi likaandikwa chini ya picha, na kwa sekunde chache hakuna mtu mwingine ndani ya fremu, yaani ndani ya mipaka ya picha inayoonekana. Mtoni picha nyingi zilichukuliwa kutoka madarajani, ukingoni au angani, zikitazama kutoka juu au kutoka mbali, na kilichojaa ndani ya fremu kikawa ni chombo, maji, makoti ya mvua na mikono inayopungwa. Nchi zikawa rangi, na watu wakawa abiria.

Kosa hilo liliongezewa la pili, nalo ni kuzichanganya sehemu ambazo desturi ilikuwa imezitenganisha. Sherehe ya ufunguzi ina sehemu tatu: maonyesho ya sanaa, gwaride la mataifa, na itifaki, yaani taratibu za lazima kama vile hotuba, kupandishwa kwa bendera ya Olimpiki, kiapo na kuwashwa kwa moto. Mwelekezi wa sanaa wa Paris, Thomas Jolly, aliamua sehemu hizo zisukwe pamoja katika matukio 12, ili boti zipite huku nyimbo, michezo ya kuigiza na filamu zilizorekodiwa mapema zikiendelea. Matokeo yake ni kwamba kila dakika mwongozaji wa matangazo, yaani mtu anayechagua picha ya kamera ipi iende hewani, alilazimika kuchagua kati ya msanii mashuhuri na boti yenye timu tatu zisizojulikana, na katika ushindani wa namna hiyo hakuna aliyetarajia timu hizo zishinde. Uwanjani uchaguzi huo haupo, kwa kuwa gwaride likianza hakuna kingine cha kuonyesha.

Inafaa kukumbushwa kwamba mpangilio wa gwaride haukuzuka kwa bahati. Timu zilitembea nyuma ya bendera zao London mwaka 1908, na tangu Amsterdam mwaka 1928 Ugiriki hutangulia na mwenyeji hufunga, wakati nchi zilizobaki kwa kawaida hufuata alfabeti ya lugha ya mwenyeji. Kanuni hiyo ya alfabeti inaonekana kavu, lakini imefanya haki kuliko kanuni nyingine nyingi za michezo: Seoul mwaka 1988, kwa kufuata maandishi ya Kikorea, Ghana na Gabon ziliingia mara tu baada ya Ugiriki, na Beijing mwaka 2008, ambako majina yalipangwa kwa idadi ya mikato ya herufi za Kichina, nafasi hiyo ya pili ilikwenda kwa Guinea. Fedha haikununua nafasi hizo, wala wingi wa medali. London mwaka 2012, ilipoogopa kwamba timu 204 zingechelewesha usiku, haikuzipakia timu mbili mbili, bali iliweka muziki wa mapigo 120 kwa dakika ili hatua za watu ziharakishwe, na tatizo la muda likashughulikiwa bila kumnyang'anya mtu zamu yake. Huo ndio ufundi wa kuandaa sherehe, ambao hauonekani na hautangazwi.

Gwaride likishakosa umbo lake, makosa madogo hukosa kizuizi. Bango linalotembea hatua chache mbele ya bendera ni mlinzi wa jina, kwa kuwa hata mtangazaji akikosea, maandishi hubaki machoni pa watu. Kwenye Seine kazi ya kuitambulisha nchi iliangukia zaidi sauti ya mtangazaji, na timu ya Korea Kusini ikatangazwa kwa jina la Korea Kaskazini, kosa lililoilazimu Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuomba radhi. Usiku huohuo bendera ya Olimpiki ilipandishwa ikiwa imepinduliwa juu chini. Siku mbili baadaye, kabla ya mechi ya mpira wa kikapu kati ya Sudan Kusini na Puerto Rico, ulipigwa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 baada ya vita vya miongo mingi, na wachezaji wakasimama wakisubiri hadi wimbo wao ulipopatikana, kisha wakashinda kwa pointi 90 kwa 79. Makosa haya hayakufanywa na mtu mmoja, lakini yanatoka katika mazoea yaleyale ya kudhani kwamba tamasha likipendeza, majina ya washiriki yatajipanga yenyewe.

La kushangaza zaidi lilitokea mwishoni, pale Trocadéro, ambapo baada ya mpanda farasi kuileta bendera ya Olimpiki, bendera za mataifa yote zilipitishwa kwa miguu zikiwa zimebebwa na wahudumu wa sherehe. Waandaaji walitambua, kwa hiyo, kwamba bendera inahitaji kutembea, isipokuwa walizitembeza bila wenyewe.

Yaliyofanywa vizuri yapo. Moto uliowashwa na Marie-José Pérec na Teddy Riner, katika chombo kilichopaa kwa puto juu ya bustani ya Tuileries, ulikuwa kazi safi, na timu ya wakimbizi iliwekwa nafasi ya pili, baada tu ya Ugiriki, kama inavyostahili.

Watetezi wa uamuzi wa Seine wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba uwanja huwafungia nje watu wa mji, wakati kingo za mto zilichukua mamia ya maelfu, wengi wao bila kulipa; ya pili ni kwamba gwaride la uwanjani huwachosha wanamichezo kwa kuwasimamisha saa nyingi kwenye vichochoro kabla ya zamu yao. Hoja ya kwanza ni ya kweli lakini haihusu gwaride, kwa kuwa mji unaweza kufunguliwa kwa maonyesho na mbio za mwenge pasipo kumgeuza mwanamichezo kuwa sehemu ya mandhari. Hoja ya pili ingekuwa na uzito kama boti zingewapumzisha, lakini mtu aliyesimama kwenye sitaha isiyo na paa chini ya mvua hajapumzika, na kati ya wanamichezo zaidi ya 10,000 wa Paris, maelfu hawakupanda boti kabisa.

Kulinganisha na zamani hakuepukiki. Brazzaville mwaka 1965, katika Michezo ya kwanza ya Afrika, na Nairobi mwaka 1987, katika uwanja wa Kasarani, wenyeji walikuwa na fedha kidogo na kamera chache, lakini walijua kwamba mgeni huingia kwa mlango wa mbele na kwa jina lake. Hata Kinshasa, iliyopokea Michezo ya Francophonie mwaka 2023 baada ya Moncton na Dieppe za Kanada kujitoa na baada ya tarehe kuahirishwa mara mbili, na ambayo iliandamwa na lawama za ucheleweshaji, ilizipitisha timu kwa miguu katika uwanja wa Martyrs, na maelfu ya Wakongo wakaziona uso kwa uso. Mashujaa wa Afrika Mashariki walipita njia hiyohiyo: Kipchoge Keino wa Kenya mwaka 1968, John Akii-Bua wa Uganda aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walioipatia Tanzania medali mbili za fedha Moscow mwaka 1980, na Vénuste Niyongabo aliyeshinda dhahabu ya mita 5,000 mwaka 1996, mwaka ambao Burundi iliingia kwenye gwaride la Olimpiki kwa mara ya kwanza. Nchi zao zilitembea kwanza ndipo zikashinda, na waliotazama walikuwa wamekwisha kuyasikia majina ya nchi hizo.

Lawama nyingine ya zamani hairuhusu kunyamaziwa, nayo ni ya misafara ya Afrika ambayo viongozi wake hukaribia kuwazidi wachezaji kwa idadi. Timu ya Kongo ya Paris haikufika wanamichezo kumi, na nchi inayopeleka watu wachache kiasi hicho kutoka eneo kubwa kama lake, ambamo kijana wa Bafwasende hupambana na zaidi ya kilomita 250 za Barabara ya Kitaifa namba 4 ili afike tu Kisangani, inashiriki katika kujifanya isionekane. Kosa la nyumbani, hata hivyo, haliliondoi la mwenyeji.

Kwamba haja ya kuonekana ilikuwepo, Marcelat Sakobi alithibitisha. Bondia huyo wa Kongo, baada ya kupoteza pambano lake siku chache baada ya ufunguzi, aliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kichwani mithili ya bunduki, ishara ileile ambayo wachezaji wa timu ya taifa ya kandanda waliionyesha mwezi Februari 2024 kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika ili kulaani mauaji ya mashariki mwa nchi na ukimya wa dunia. Gwaride si mahali pa ujumbe wa kisiasa, na hakuna anayedai liwe hivyo; lakini ni mahali ambapo dunia hulazimika kutamka jina la kila nchi na kutazama nyuso za watu wake, na nchi iliyopunguziwa hilo itatafuta ulingo mwingine.

Dakar, iliyokabidhiwa Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2026, ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika, na Los Angeles ya mwaka 2028 baada yake, hazihitaji kuvumbua chochote katika jambo hili. Timu moja iingie kwa zamu moja, bango litangulie, kamera ikae kwenye usawa wa macho, na maonyesho ya sanaa yasubiri hadi timu ya mwisho ipite. Mwenyeji anayetaka mto autumie kwa fataki, na atakayeshikilia boti atafute boti 200, kwa sababu kama gharama hiyo ni kubwa mno kwake, basi ajue kwamba Paris iliikwepa kwa kuzitwika nchi ndogo.