"Hayana Lehemu", "Asili Tupu": Tuusome Vizuri Ushauri wa Dukani

Mnunuzi wa leo amechoka. Jana aliambiwa yai lina lehemu, yaani kolesteroli, aliogope. Leo anaambiwa ale tu. Na si uzushi wa mtaani: mwongozo wa ulaji wa Marekani uliotolewa kwa miaka ya 2015 hadi 2020 uliondoa kile kikomo cha miligramu 300 za lehemu kwa siku. Basi akiingia dukani na kukuta kila pakiti inajiita dawa, anasema moja tu: "Hao wanatafuta hela."

Kinampanda, wilayani Iramba, si mahali pa supamaketi zenye kona ya vyakula vya afya. Lakini ushauri wa duka umefika kabla ya duka lenyewe. Uko kwenye lebo ya chupa ya alizeti, kwenye kopo la unga wa mlonge, kwenye pakiti ya unga wa lishe na mdomoni mwa muuzaji: "Chukua hii mama, mtoto atanawiri."

Hoja yangu ni hii. Mnunuzi ana haki ya kushuku, ila anashuku kitu kisicho chenyewe. Anadhani anadanganywa. Mara nyingi hadanganywi. Anaambiwa kweli isiyomsaidia, na kweli ya namna hiyo ni ngumu kuikamata kuliko uongo. Tuchukue mifano minne.

"Hayana lehemu"

Lehemu hutengenezwa na miili ya wanyama. Mimea ina chembe ndogo mno, zisizo na uzito wowote jikoni. Kwa hiyo mafuta ya alizeti hayana lehemu, sawa. Ya karanga hayana, ya pamba hayana, ya mawese hayana, ya nazi hayana. Kuandika hivyo kwenye chupa ya alizeti ni kama kuandika "hayana mifupa".

Kwa watu wengi, kinachopandisha lehemu kwenye damu ni hasa yale mafuta mazito yanayoganda kirahisi. Katika alizeti hayo ni kama asilimia 11, katika mawese karibu nusu, katika nazi zaidi ya asilimia 80. Hiyo ndiyo sifa ya kweli ya zao letu la Singida, na lebo imeiruka ikashika ile isiyotofautisha chochote. Tena haigusi kiasi: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya alizeti au ya nguruwe, kina takriban kilokalori 120.

"Asili, hayajaongezwa kitu"

Hapa muuzaji ana nusu ya hoja. Mafuta yaliyokamuliwa tu hubaki na vitamini E nyingi kuliko yaliyosafishwa sana kiwandani. Lakini jiulize: hicho ambacho hakijaongezwa ni nini? Kwa kanuni za Tanzania za mwaka 2011, mafuta ya kula ya viwandani yanatakiwa kuongezwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili ya mtoto. Alizeti yenyewe haina vitamini A ya maana. Kama nyumbani mboga za majani, maembe, maziwa au maini hupatikana, hakuna shida, tumia ya kukamua. Kama havipatikani, neno "asili" linakuuzia pengo kama vile ni fadhila.

"Mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa"

Hii mmeiona wote, pamoja na "vitamini C mara 7 ya machungwa". Hesabu hizo zimetoka kwenye majedwali halisi, lakini zimechanganywa. Ile ya vitamini C ni ya majani mabichi. Ukiyakausha, sehemu kubwa inapotea, na unga mkavu hubaki na pungufu ya ile ya chungwa. Ile ya kalsiamu ni ya unga mkavu, gramu kwa gramu, dhidi ya maziwa ambayo asilimia 87 ni maji. Hakuna mlonge wenye sifa zote mbili kwa wakati mmoja.

Na nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko kimoja ni kama gramu 7. Kwa jedwali lao wenyewe, kijiko hicho kinakupa takriban miligramu 140 za kalsiamu, yaani karibu nusu kikombe cha maziwa. Si haba hata kidogo! Mlonge ni mboga nzuri. Ila "kijiko kimoja ni kama nusu kikombe cha maziwa" haiuzi kopo kama "mara 17".

"Nafaka 12 kwa pamoja"

Huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mlaji ni mtoto. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele: majina mengi, kundi moja. Protini za nafaka karibu zote zina upungufu wa kitu kile kile, kinaitwa laisini. Kuongeza nafaka ya saba hakuzibi pengo la ile ya kwanza. Linalozibwa na jamii ya kunde, na nafaka moja na kunde moja vinatosha kufanya kazi hiyo. Ukiweka soya, iive vizuri, maana ikiwa mbichi ina kizuizi kinachosumbua usagaji wa protini tumboni.

Sasa lile lisiloandikwa kwenye pakiti: sumukuvu. Ukungu unaoitoa hupenda mahindi na karanga, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016, kwa majirani zetu wa Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Unga ukishasagwa huwezi tena kuona punje iliyovunda. Kwa hiyo swali la maana si "nafaka ngapi?", ni "nani alizichambua, na zilikaushwa wapi?"

Shaka isivuke mpaka

Hatari ya ushauri wa namna hii haiishii kwenye hela iliyopotea. Mtu akishachoka na lebo, anaweka kila mtu kapu moja: muuzaji wa kopo na muuguzi wa kliniki. Hapo ndipo chumvi yenye madini joto inaitwa "biashara tu", wakati mjamzito anayekosa madini hayo anahatarisha ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Na sisi watu wa maabara tusijitoe. Tunatupa namba bila kipimo, halafu tunashangaa mfanyabiashara akiziokota na kuzibandika atakavyo.

Basi ukienda dukani, beba maswali matatu. Kulinganishwa na nini? Kwa kijiko kimoja ni kiasi gani? Na kipi hakijasemwa? Muulize muuzaji karanga za unga ule zilichambuliwa vipi. Anayejua atakueleza bila hasira. Akirudi kwenye "nafaka 12", nunua kilo ya mahindi na nusu kilo ya maharage, kaa uchambue mwenyewe, kisha peleka mashineni.