Kidole na Chombo: Uhakiki wa Istilahi za Namna za Ufyatuaji

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa kwetu ili zikaguliwe imo moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza ingedhaniwa kuwa ni ya mzaha. Ni rasimu ya Kiswahili ya kijitabu cha maelezo ya chombo cha elektroniki kinachotumika katika mchezo wa kurushiana matufe ya rangi. Mchezo huo haujaenea nchini, na huenda wasomaji wengi wa jarida hili hawajapata kuuona. Hata hivyo, makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba makosa ya rasimu hiyo si ya mchezo hata kidogo. Maneno yanayotaja namna za ufyatuaji wa chombo hicho ndiyo hayo hayo yanayotaja bunduki za kweli katika sheria na mahakamani.

Kwanza hatuna budi kukifahamu chombo chenyewe. Hakikuzaliwa vitani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya rangi ya Nelson ya Marekani ilikuwa na bastola ya gesi iitwayo Nelspot 007, iliyowawezesha watu wa misitu kutia miti alama kwa mbali, na wafugaji kutia alama ng'ombe wao. Tarehe 27 Juni 1981 watu 12 walikutana Henniker, New Hampshire, wakaitumia kuwindana msituni, na huo ukawa mwanzo wa mchezo. Tufe lake lina ganda la jelatini na rangi ndani, na kipenyo chake ni karibu milimita 17. Viwanja vingi haviruhusu kasi yake izidi futi 300, yaani karibu mita 91, kwa sekunde. Kasi hiyo yatosha kulipofua jicho lisilo na kinga.

Katika chombo cha elektroniki, kidole hakifungui vali ya hewa moja kwa moja. Kidole huvuta kifyatulio, kifyatulio hugusa swichi, na swichi hupeleka habari kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani. Ni kompyuta hiyo inayoamua yatoke matufe mangapi. Kwa hiyo mvuto ule ule mmoja waweza kutoa tufe moja, au matatu, au matufe yasiyokoma, kulingana na namna iliyochaguliwa. Mtumiaji asipoielewa namna hiyo hajui kidole chake kitaleta nini.

Sasa tuitazame rasimu. Mfasiri ni mtu hodari na sarufi yake ni safi, lakini mara nne amefasiri neno akaiacha dhana.

Namna ambayo mvuto mmoja hutoa tufe moja ameiita "nusu otomatiki". Namna ya matufe matatu kwa mvuto mmoja ameiita "mpasuko", kwa sababu neno la Kiingereza lina maana pia ya kupasuka. Lakini katika mchezo huu kitu kinachopasuka ni tufe, tena hupasuka mwilini mwa mchezaji, na ndipo mwamuzi humtoa uwanjani. Msomaji anayeambiwa "chagua mpasuko" atadhani anachagua ugumu wa ganda. Namna ya tatu, ambayo chombo huongeza matufe yake kidogo kidogo juu ya yale ya mchezaji, ameiita "mteremko", akifuata neno linalotaja njia ya kupandia au kushukia gari. Na muda ambao vali hukaa wazi, unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, ameuita "makazi". Msomaji akikuta "punguza makazi" katika kijitabu cha mchezo atakuwa na haki ya kucheka, kisha atabonyeza tu bila kujua.

Matatu ya makosa hayo yanachekesha, kwa hiyo hayana hatari kubwa: anayecheka amekwisha kutambua kwamba hakuelewa. Kosa la hatari ni lile lisilochekesha, yaani "nusu otomatiki", kwa kuwa kila mtu hudhani amelielewa.

Ili kulipima, tulikwenda Mvumi, wilayani Chamwino, mahali ambapo lugha ya kwanza ya wengi ni Kigogo na Kiswahili ni lugha ya shule, hospitali, mkutano na soko. Istilahi inayoeleweka kwa yule tu anayekijua Kiingereza si istilahi ya Kiswahili, na Mvumi ni mizani nzuri ya jambo hilo. Tulikaa na mzee aliyewahi kuwinda kwa gobore, mfugaji mmoja, mwalimu wa sekondari, na kijana aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa. Tuliwauliza: silaha ikiwa nusu otomatiki, hiyo nusu ni nusu ya nini? Mfugaji alijibu kuwa ni nusu ya kasi. Mwalimu alisema labda ni nusu ya nguvu, mithili ya taa iliyopunguzwa mwanga. Kijana peke yake ndiye aliyejibu sawasawa, lakini hakulitumia neno hilo. Alisema, "Sisi kule twasema moja moja."

Majibu ya wale wawili wa kwanza si ujinga. Ndiyo maana halali ya neno "nusu" katika Kiswahili. Kumbe katika namna hiyo hakuna kilichopungua: tufe hutoka kwa kasi ile ile na hudhuru jicho kwa kadiri ile ile. Mchezaji anayeamini kwamba amewekewa nusu ya hatari aweza kuivua barakoa yake.

Jibu la kijana lina wenzake duniani. Bunduki nyingi zilizotengenezwa China kwa mfano wa Kalashnikov zina alama mbili kwenye kichaguzi, na maana yake kwa Kichina ni "mfululizo" na "moja". Warusi nao, kwa namna ya pili, waliandika herufi za neno lenye maana ya "moja moja". Wajerumani katika bunduki ya G3 waliweka herufi tatu: ya salama, ya moto mmoja mmoja, na ya moto wa mfululizo. Hakuna kati yao aliyehitaji "nusu". Sisi wenyewe tumekwisha kupita njia nyingi katika uwanja huu. Bombomu ilipata jina kwa mlio wake. SMG, katika taarifa zetu za uhalifu, imekuwa jina la bunduki za jamii ya Kalashnikov, ingawa herufi hizo kwa asili ni za silaha ya aina nyingine. Jina la mlio na jina la herufi huonyesha kitu, lakini halielezi kinavyofanya kazi.

Basi tungeweza kumaliza hapo na kusanifisha "moja moja", kama si pingamizi la yule mzee. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akasema, "Lakini wanangu, hata gobore hupiga moja moja." Ni kweli. Gobore hutiwa baruti, hushindiliwa, hutiwa marisau, na baada ya mlio mmoja kazi yote huanza upya. Neno letu lilikuwa limelilaza gobore kitanda kimoja na bunduki inayoweza kufyatuliwa mara 30 bila mtu kuishindilia tena.

Pingamizi hilo ndilo lililotufungua macho. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili yaliyo mbali: aina ya silaha, na namna iliyochaguliwa katika silaha. Aina yaulizia nani anayejaza: mtu au chombo? Namna yaulizia nani anayefyatua, na mara ngapi kwa kila mvuto. Mfasiri wetu alifuata neno moja, akachanganya maswali mawili. Kiswahili hakilazimiki kurithi mchanganyiko huo. Silaha inayojitilia risasi nyingine yenyewe na iitwe silaha ya kujijaza, na hapo itatengana na gobore. Namna ya kuifyatua na iitwe moja moja, na hapo itatengana na mfululizo. Gobore halina kichaguzi, wala namna ya kuchagua, kwa hiyo pingamizi la mzee limejibiwa kwa msaada wake mwenyewe.

Kwa kipimo hicho tunapendekeza haya:

(a) Moja moja: kila mvuto wa kidole hutoa tufe au risasi moja, na haitoki nyingine mpaka kidole kiachie na kuvuta tena.

(b) Mkupuo: mvuto mmoja hutoa idadi iliyowekwa, kisha chombo hukoma chenyewe. Husemwa mkupuo wa tatu, mkupuo wa sita. Neno hili laendana na usemi wa kila siku wa kunywa maji kwa mkupuo mmoja.

(c) Mfululizo: chombo hutoa bila kukoma maadamu kidole kimekamata kifyatulio.

(d) Mchapuo: kidole huendelea kuvuta, na kikisha kufikia kasi fulani chombo huongeza matufe yake hadi kikomo kilichowekwa. Kidole kikiacha kuvuta, chombo nacho huacha. Neno limetoka katika kuchapua ngoma, na kwa watu wa Ugogo, ambako wanawake hupiga muheme, halikuhitaji maelezo.

(e) Muda wa vali, badala ya "makazi". Na kichuja mtetemo, kwa mpangilio unaoizuia swichi inayotetemeka isihesabu mvuto mmoja kuwa miwili.

Msomaji atauliza kama mchapuo na mfululizo vyahitaji kutenganishwa. Vyahitaji. Katika mashindano ya Marekani waamuzi walishindwa kuwakamata wachezaji waliofichia chombo chao uwezo wa kuongeza matufe, na hatimaye baadhi ya ligi zikauhalalisha mchapuo kwa masharti: matufe matatu ya kwanza yatoke kwa mivuto mitatu, na kasi isipite kikomo. Mwamuzi asiye na maneno mawili tofauti hawezi kuisimamia kanuni kama hiyo.

Haya yote yangekuwa ya uwanjani tu kama sheria zetu zingebaki kwa Kiingereza. Lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri sheria, ikiwamo ile ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, yahitaji istilahi zisizoteleza. Shahidi atakayeulizwa kama silaha ilikuwa "nusu otomatiki" aweza kujibu ndiyo kwa kudhani anaulizwa kama ilikuwa dhaifu. Aulizwe badala yake: je, ilijijaza yenyewe? Je, ilipigwa moja moja, kwa mkupuo, au mfululizo? Hayo ni maswali ambayo mfugaji wa Mvumi ayajibu kwa alichokiona na kukisikia.

Kwa hiyo, ndugu mfasiri, unapokutana na namna yoyote ya ufyatuaji, iwe ya rangi au ya risasi, weka kamusi kando kwa muda, ujiulize: kidole kimefanya nini, na chombo kimeongeza nini? Jina litakalojibu maswali hayo mawili litafaa. Rasimu tumeirudisha kwa mwenyewe pamoja na mapendekezo haya. Walimu, wanasheria na askari wenye maneno bora wanaombwa kuyaleta kabla orodha haijapelekwa kusanifishwa.