Sifa za Watangazaji wa Mpira Redioni

Kabla ya televisheni kuingia Tanzania Bara mwaka 1994, mkulima wa pamba wa Mwamanyili, aliyekwisha kuanika betri zake juani zipate nguvu ya alasiri moja, hakuwa na jicho la kuutazamia mpira ila ulimi fasaha wa Ahmed Jongo na wenzake wa Redio Tanzania, waliomwarifu bila kigugumizi nani kaunasa, nani kapiga chenga, na kipa kasimama wapi. Bao la Peter Tino wa timu yetu ya taifa mjini Ndola mwaka 1979, lililotupeleka fainali za Afrika Lagos, wengi tulilisikia tu, na hata leo twalisimulia kama mashahidi. Utangazaji huo ni sanaa adhimu. Nami naomba sauti za watangazaji hao zihifadhiwe kama zihifadhiwavyo diwani za washairi.