Muheza: Dawa Ilishinda, Kazi Ikabaki kwa Muuguzi

Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali haombi maji, haonyeshi panapouma, wala halii dripu ikichomoka. Shida zake zote lazima azigundue mtu mwingine. Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, ilishiriki majaribio mawili makubwa ya tiba ya watoto mahututi. Yamejadiliwa sana kama habari za dawa na maji. Hapa tuyatazame kutoka upande wa muuguzi.

La kwanza, AQUAMAT, liliendeshwa mwaka 2005 hadi 2010 katika nchi 9 za Afrika, likilinganisha kwinini na artesunate kwa watoto 5,425. Kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa artesunate asilimia 8.5. Sababu iko kwenye utendaji wa dawa. Artesunate huua vimelea vikiwa vichanga, kabla havijanata kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo. Kwinini huvidhuru zaidi vikishakomaa, tena huchochea kongosho kumwaga insulini, na sukari ya mtoto hushuka.

Kitandani tofauti ilikuwa kubwa vilevile. Dozi ya kwanza ya kwinini ya mshipani hutiririshwa kwa saa 4, kisha dripu hurudiwa kila baada ya saa 8. Ikienda mbio, moyo na shinikizo la damu huwa hatarini, kwa hiyo matone lazima yahesabiwe. Artesunate ni unga wa kichupa: huyeyushwa, huchanganywa, huchomwa kwa dakika chache, kisha hurudiwa saa ya 12, saa ya 24, na baadaye mara moja kwa siku. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa amerudishiwa muda.

Muda huo una matumizi. Kipimo cha fahamu cha Blantyre, kilichobuniwa Malawi, kina alama 0 hadi 5. Ukimbonyeza mtoto kifuani kwa vifundo vya vidole, je, mkono wake unafuata panapouma, au anajikunyata tu? Analia sawasawa au anaguna? Macho yanamfuata mama? Alama 2 kushuka chini ni koma. Zikiporomoka kati ya kipimo na kipimo, muuguzi ana mambo matatu ya kukagua mara moja: njia ya hewa, sukari na degedege. Mtoto hulazwa ubavu, makohozi yakafyonzwa. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, hupewa glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Degedege nalo hujificha: huenda kinachocheza ni kona ya mdomo, kidole kimoja, au macho yaliyovutwa upande.

Jaribio la pili, FEAST, lilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Kufungua dripu kwa kasi kulionekana kama kuokoa, takwimu zilikataa. Kasi ya matone, ambayo iko mikononi mwa muuguzi, ni tiba yenye dozi yake.

AQUAMAT liliacha deni moja. Artesunate ilipunguza vifo, lakini haikupunguza kwa kiwango cha uhakika ulemavu mkubwa wa ubongo kwa walionusurika. Ndiyo maana kabla ya kuruhusiwa mtoto akaguliwe kutembea, kuona, kusikia na kusema, na mama aelezwe la kuangalia nyumbani. Mganga mkuu anayetaka kujua wodi yake imefika wapi asiishie kuhesabu vichupa stoo. Afungue mafaili aone kama alama za fahamu na sukari ziliandikwa saa 9 usiku.